Kamba Haifi kwa Mzigo Tu

Kamba haifi kwa mzigo tu. Hufa kwa jua, kwa maji, kwa panya, na huku Ugogo zaidi ya yote hufa kwa mchwa. Nyuzi zenye nguvu zilikuwapo katika nyanda za kati, kutoka Kondoa hadi Manyoni, kabla ya mfanyabiashara yeyote kupandisha mzigo wake kutoka pwani. Lililowasumbua wazee wa zamani, na linalowasumbua wahandisi wa leo, ni jambo jingine: uzi uvikwe nini, ufungiwe ndani ya nini, ili uishi muda wa kutosha kufanya kazi yake.

Mbuyu ulitoa jibu la kwanza, jibu la nusu. Gome lake la ndani hubanduliwa, hupondwa na kusokotwa kuwa kamba, na mti haufi, gome huota tena juu ya jeraha. Kamba hiyo ni imara, lakini iko uchi. Wahadzabe wa kandokando ya ziwa Eyasi, kaskazini mwa nyanda hizi, walikwenda mbele zaidi. Upote wa pinde zao ni kano za wanyama wakubwa zilizosokotwa, na manyoya ya mshale hufungwa kwa kano ikiwa ingali na unyevu. Ikikauka hujikaza na kung'ang'ania. Hapo uzi na gundi ni kitu kimoja.

Ukuta wa tembe ya Kigogo ni hatua nyingine kabisa. Nguzo na fito husimamishwa, kisha hukandikwa udongo ambao mara nyingi umechanganywa na nyasi au samadi, na paa bapa nalo hubebeshwa udongo. Udongo peke yake hustahimili uzito vizuri lakini hupasuka unapokauka. Jani la nyasi haliwezi kubeba kitu, ila ukilivuta halikatiki upesi. Ukivichanganya, ufa unaoanza kwenye udongo hukutana na jani na kuishia hapo. Wahandisi huiita nyenzo mseto, na bawa la ndege la nyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya gundi ya kemikali hufuata kanuni ileile. Mchwa hawajaisoma kanuni hiyo, ndiyo maana tembe hukarabatiwa mara kwa mara.

Uzi wa kiwandani ulipanda bara mabegani mwa wapagazi. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa Massachusetts, kilienea hadi kuwa fedha ya njia ya kati. Watemi wa Ugogo, wenye visima katika nchi kavu, walitoza hongo kila msafara, na Burton na Speke waliopita mwaka 1857 walilipa nguo kama wengine. Kilichosahaulika ni kwamba merikani ilikuwa pia uzi uliovikwa. Kabla ya kufumwa, nyuzi za mtande hupitishwa kwenye uji wa wanga ili zisichanike zikisuguana ndani ya mashine. Joho hilo la wanga ndilo lililowezesha mtambo kukimbia. Nalo likawa mlango wa hila: pamba ilipoadimika wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, wenye viwanda wa Lancashire, Uingereza, walizidisha wanga na kuutia udongo mweupe wa kaolini. Nguo ikawa nzito kwenye mizani na nyepesi baada ya kufuliwa. Kwa maoni yangu hili ni funzo la mapema kuliko yote katika biashara hii: mnunuzi hulipia joho, si uzi.

Uzi ulioibadili Tanganyika haukupandwa Dodoma. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kwa sababu Yucatán, kwao mkonge, haikutaka miche itoke. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani ilikuwa 62. Kufikia 1913 koloni lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za singa, nyuzi za majani yake. Reli ya kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma 1910, ilivuta mashamba hadi Morogoro na Kilosa, kwenye miguu ya uwanda wetu. Uwanda wenyewe ulikuwa njia. Manamba kutoka Kigoma, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, walipita stesheni ya Dodoma wakienda kukata majani.

Majani yaliingia korona, mashine ya kuchuna nyuzi, singa zikatoka, zikaanikwa, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Hapo ndipo kazi yetu ilipoishia kwa muda mrefu. Upande wa pili wa bahari, mkulima wa ngano alikuwa amepata mashine yenye kifaa cha kupiga fundo kilichobuniwa na John Appleby mwishoni mwa miaka ya 1870, na mashine hiyo ilihitaji kitani kisichokatika wala kuliwa. Singa za mkonge ni ngumu, hazisokotwi vizuri zikiwa kavu. Hulainishwa kwa mafuta, na baada ya kusokotwa hutiwa dawa ya kuzuia kuoza na kuwafukuza panya na wadudu. Bila mafuta na dawa hizo kitani hicho kisingestahimili kulala shambani. Tanga baadaye ilijenga viwanda vyake vya kusokota, lakini sehemu kubwa ya zao iliendelea kuondoka uchi.

Kisha akaja mshindani asiyehitaji kupakwa chochote. Mwaka 1954, Milano, Giulio Natta alitengeneza polipropilini iliyojipanga vizuri kiasi cha kuvutwa kuwa uzi. Maji hayaiozeshi na panya haioni kuwa chakula. Adui wake ni jua tu, na hata hilo lilipatiwa dawa kwa kuchanganya kinga ndani ya plastiki yenyewe kabla haijavutwa, hivyo joho likaingia tumboni mwa uzi. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna takriban tani 230,000 za katani, kilele ambacho hakijafikiwa tena. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa chini ya 40,000. Wengi hulitupia lawama Azimio la Arusha na utaifishaji wa 1967. Uendeshaji mbovu ulichangia, sikatai, lakini bei ilikuwa imekwisha kuporomoka kabla ya Azimio, na aliyeiangusha alikuwa mkemia.

Wakati huohuo nyuzi nyingine zilikuwa zimejificha kwenye barabara ya vumbi kati ya Kondoa, Dodoma na Iringa. Tairi ni mpira kwa macho tu. Kinachobeba lori ni nyuzi zilizolazwa ndani, za pamba mwanzoni, kisha reyoni, kisha nailoni. Reyoni na nailoni ni laini mno, mpira hauzishiki. Katika miaka ya 1930 wakemia wa DuPont walivumbua rojo la utomvu wa mpira, risosino na formaldihaidi. Uzi huchovywa humo, hukaushwa, ndipo mpira hukubali kuushika. Michelin walipoleta tairi la waya za chuma tatizo lilikuwa lilelile, na dawa yake ilikuwa kuivika waya ngozi nyembamba ya shaba nyeupe, inayoungana na salfa ya mpira wakati wa kuoka. Kiwanda cha General Tyre kilianza kazi Arusha mwaka 1971 na kikafungwa 2007. Ukikata tairi kuukuu la nailoni kutengeneza katambuga utaziona nyuzi hizo, zingali zimeshikana na mpira baada ya maelfu ya kilomita. Sijaona ushahidi bora zaidi wa kazi ya rojo lile.

Jambo ambalo lingestahili kukumbukwa zaidi lilifanyika hapa nchini. Mwaka 1973 serikali iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, na nchi nzima ilikuwa na njaa ya paa. Bati liliagizwa kwa fedha za kigeni. Mabamba ya saruji na asibesto, uvumbuzi wa Ludwig Hatschek wa Austria mwaka 1900, yalikuwa yameezeka shule na majengo mengi ya umma, lakini madhara ya vumbi la asibesto kwenye mapafu yalikwisha kujulikana. Swali likawa dhahiri: kwa nini tusitie katani kwenye saruji? Watafiti wa majengo wa Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walilifanyia kazi kuanzia miaka ya 1970. Bamba jipya lilikuwa zuri. Ukiligonga halikuvunjika vipande, singa zililishikilia.

Miaka ikapita, na mabamba yakawa mepesi kuvunjika. Hans-Erik Gram, katika utafiti alioutoa Stockholm mwaka 1983, alieleza kisa chake. Maji yaliyomo kwenye vinyweleo vya saruji yana magadi makali. Huyeyusha lignini, ile gundi ya asili inayounganisha seli fupi zinazofanya singa moja ndefu. Singa hubaki mahali pake lakini imekatikakatika kwa ndani, na joto na unyevu vinavyopishana, kama ilivyo katika tropiki, huharakisha uharibifu. Tiba alizojaribu zilikuwa mbili. Ama upunguze ukali wa saruji kwa kuichanganya na vumbi laini la silika, ama uivike singa kinga isiyopitisha maji kabla ya kuitia. Waingereza, waliokumbana na shida hiyohiyo kwa nyuzi za kioo, walichagua njia ya tatu: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pilkington walianza kuuza kioo chenye zirkonia kinachostahimili saruji. Walikuwa na kiwanda cha kufanyia hivyo. Sisi tulikuwa na singa bora na mabamba yaliyopasuka, na bei ya bati ilipokuwa nafuu zaidi, ubunifu huo ukaachwa. Nyasi ndani ya ukuta wa tembe, zilizolala kwenye udongo usio na magadi makali, hazikuwahi kupata ugonjwa huo.

Kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hadithi inaonekana kwa sura ya gunia. Magunia ya katani na jute yameviachia nafasi viroba vya polipropilini. Kiroba huzuia mchanga, hakimzuii dumuzi, yule mdudu wa mahindi kutoka Amerika aliyeingia nchini kupitia Tabora kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Jawabu lilitoka kwa kunde za Kamerun, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzake walibuni mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya polithini nzito ndani, kiroba kilichofumwa nje. Kiroba hubeba uzito, mifuko ya ndani huzuia hewa, na wadudu humaliza oksijeni yao wenyewe. Hakuna sumu. Hakuna uzi mpya pia. Ubunifu wote uko kwenye mpangilio.

Uzi mwingine mwembamba unapita ardhini. Mwaka 1966 Charles Kao alidai kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kingebeba mwanga kilomita nyingi, na mwaka 1970 Corning walikipata kioo hicho. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba uzi wa kioo ukitoka tanuruni ni imara ajabu, lakini ukiguswa na vumbi au unyevu hupata mikwaruzo isiyoonekana, na kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Kwa hiyo hupakwa plastiki ya akrilati papo hapo ukiwa unavutwa, kabla haujagusa gurudumu lolote: tabaka laini ndani, gumu nje, vyote vikigandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kioo cha mikromita 125 hutoka kikiwa na 250. Nusu ya unene ni joho. Kisha hutiwa ndani ya mirija, huzungushiwa nyuzi za aramidi za jamii ya Kevlar, aliyoivumbua Stephanie Kwolek mwaka 1965, na kufunikwa ganda jeusi. Katika nchi za mchwa nyaya nyingine huongezewa ngozi ya nailoni, ngumu na ya kuteleza, ambayo taya za mchwa hazipati pa kushika. Mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulipotua Dar es Salaam Julai 2009, ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa mawasiliano ulikuwa umeanza, na Dodoma ikawa mojawapo ya vituo vyake.

Hata lifti za maghorofa zimo katika hadithi hii. Kamba ya waya, tangu Wilhelm Albert aibuni mwaka 1834 kwa migodi ya Harz, ilikuja kupewa moyo wa nyuzi uliolowa grisi, na katika lifti moyo huo kwa kawaida ni katani. Mwaka 2000 Otis walileta mkanda wa waya uliovikwa poliyurethani, usiohitaji moyo wala grisi, na mwaka 2013 KONE wakaleta kamba ya nyuzi za kaboni. Mlango mwingine wa katani unafungwa polepole.

Uliobaki wazi uko darini. Ujenzi wa Dodoma umewapa kazi mafundi wa jipsamu, yaani jasi. Jasi inachimbwa Itigi. Singa zinatoka Kilosa au Korogwe. Fundi humimina rojo kwenye ukungu, hutandaza singa, humimina tena, na baada ya muda mfupi hubandua pambo la dari. Jasi haina magadi makali, kwa hiyo haizili singa kama saruji, mradi bati lisivuje. Marobota ya katani yanayopakiwa Tanga kwenda Saudi Arabia na Nigeria hutumika kwa sehemu kubwa katika kazi hiyohiyo, na huondoka bandarini yakiwa ghafi.