Uokoaji wa Chakula: Istilahi na Mipaka Yake

Uokoaji wa chakula ni kazi ya kukusanya chakula kilichozidi wanunuzi, kingali salama, na kukifikisha kwa wenye njaa kabla hakijaoza. Kazi hiyo ilipata mfumo wake wa leo mwaka 1967, John van Hengel alipoanzisha benki ya chakula huko Phoenix, Marekani. Kiswahili kina maneno yanayoikaribia, ila hayaifikii. Makombo yametoka sahanini mwa mtu, na kiporo kimelala. Masazo ndiyo ya karibu zaidi: Biblia ya Kiswahili inayataja Ruthu anapookota masuke nyuma ya wavunaji. Lakini pale mhitaji mwenyewe ndiye anayeinama shambani. Katika uokoaji, wanaojitolea ndio wanaobeba mzigo hadi kwa mhitaji. Tena tenga la nyanya lililotoka Ilula, Iringa, halijaguswa na mlaji yeyote. Kuliita masazo ni kumwambia anayepokea kwamba wengine wamekwisha kushiba kabla yake, na hilo si kweli.

Wapo watakaosema kuwa uokoaji ni neno zito mno, la moto na mafuriko. Naliona linafaa kwa uzito huohuo, kwa sababu linabeba hatari na haraka: mchicha usiouzwa leo jioni, kesho hauuziki. Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka sokoni. Dar es Salaam haikusubiri benki ya chakula; nyanya masalo, yaani zilizoanza kuharibika, huuzwa kwa fungu la bei ya chini, na mama ntilie wengi hupikia hizo. Kikundi cha wanaojitolea kutoka Boko kikienda masoko ya Tegeta na kubeba masalo bure, kitakuwa kimemnyang'anya mama huyo mtaji wake na muuzaji riziki yake. Hoja hii naikubali, na ndiyo inayonifanya nibane maana ya chakula kilichozidi: ni mazao mazima ambayo hata kwa bei ya masalo hayakupata mnunuzi, na yanangoja gari la kwenda dampo la Pugu. Yaliyooza hayamo, kwani mwenye njaa naye anaugua tumbo. Wala uokoaji si tiba ya upotevu wa shambani na njiani. Huo unahitaji maghala, barabara na matenga bora, mambo yanayoshughulikiwa na mkakati wa taifa wa 2019 hadi 2029 wa kusimamia mazao baada ya mavuno. Uokoaji unaanzia pale muuzaji anapofunga meza na mzigo bado upo.