Kujiunda au kujipanga?

Habari za sayansi siku hizi hutaja "protini zinazojiunda". Kitenzi hicho kinanitatiza. Kuunda ni kazi ya fundi. Pwani, jahazi huundwa. Protini nayo huundwa, na seli, kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Haijiundi.

Jipya ni kinachofuata. David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliyepewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024, na wenzake husanifu protini kwa kompyuta ili zishikane kwa namna moja tu. Katika muundo mmoja, protini 120 za aina mbili zikichanganywa majini hujenga tufe lenye uwazi ndani, bila mkono wa mtu. Tufe hilo lilitumika katika chanjo ya UVIKO-19 iliyoidhinishwa Korea Kusini mwaka 2022.

Kushikamana tu hakutoshi: ute wa yai ukichemshwa, protini zake hushikamana pia, ila shaghalabaghala. Kwenye tufe kuna mpangilio, na kitenzi chake ni kujipanga. Vijana wamelichukua neno "jipange" kwa maana ya kujiandaa, nalo halijaharibika kwa hilo. Wahariri, andikeni: protini zinazojipanga.