Nani Amelipia Ufundi: Uanagenzi Goma na Kartie ya Lac Vert

Lac Vert ni kartie ya komini ya Goma, upande wa magharibi wa mji, kwenye njia iendayo Mugunga na Sake. Imepata jina kutokana na ziwa dogo la kasoko, lenye maji ya kijani, linalotenganishwa na Ziwa Kivu kwa ukingo wa mlima tu. Kama sehemu nyingine za pembeni mwa Goma, hapo uashi, useremala, kuchomelea vyuma, ushonaji na kutengeneza pikipiki hujifunzwa zaidi karakanani kuliko darasani. Tangu 1964 sheria ya Kongo imemtaka mwajiri achangie mafunzo ya kazi. Hata hivyo, kwa mafundi wengi wa Goma mlipaji amekuwa mzazi, au mwanagenzi mwenyewe kwa jasho lake.

Chini ya Wabelgiji suala la nani alipe lilijibiwa kwa njia mbili. Makampuni makubwa, hasa kampuni ya migodi ya Union Minière kule Katanga, yalifunza wafanyakazi wao yenyewe, kwa sababu kumleta fundi kutoka Ulaya kulikuwa ghali mno. Kwingineko kazi hiyo iliachiwa misheni, nyingi za Kikatoliki, zilizofundisha useremala na uashi huku shule zao zikipata ruzuku ya serikali. Kivu, eneo lenye mji wa Goma, haikuwa na migodi ya ukubwa wa Katanga. Ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa na pareto, na shamba linahitaji vibarua wengi na mafundi wachache, kwa hiyo hapakuwa na tajiri aliyeona faida ya kuwekeza katika ufundi.

Pengo lilionekana wazi Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, pale mafundi na wasimamizi wa Kibelgiji walipoondoka kwa maelfu. Tarehe 29 Juni 1964 serikali iliunda taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, Institut National de Préparation Professionnelle, inayojulikana kama INPP, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Fedha zake zingetoka kwa waajiri, kwa asilimia ya mishahara wanayolipa. Viwango vilivyozoeleka baadaye ni asilimia 3 kwa kampuni binafsi yenye wafanyakazi wasiozidi 50, asilimia 2 kwa yenye 51 hadi 300, na asilimia 1 kwa inayozidi 300. Mashirika ya umma hulipa asilimia 3.

Ngazi hiyo inashangaza. Kampuni kubwa hutoa fungu kubwa kwa jumla, lakini mwenye karakana ya watu kumi ndiye anayekamuliwa zaidi kwa kila faranga ya mshahara. Akiwaandikisha wote, analipa. Akiwaita ndugu au wanafunzi, halipi kitu. Mfumo uliokusudiwa kukuza ufundi ukawa sababu mojawapo ya kuuficha.

Tatizo lililo zito zaidi ni kwamba mchango unaifuata orodha ya mishahara, na huko Kivu orodha hizo zilizidi kufupika. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kugawa mashamba na maduka ya wageni kwa wananchi, na mengi yakafilisika. Uporaji wa wanajeshi wa 1991 na 1993 uliharibu uchumi wa Zaire nzima, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Julai 1994 wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia eneo la Goma, na Mugunga, jirani na Lac Vert, ikawa mojawapo ya kambi zao kubwa. Tangu hapo mashirika ya misaada yakawa miongoni mwa waajiri wakuu wa mji.

Kazi ya mikono haikukoma. Wakati mwingine msiba ndio ulioiongeza. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Mji ukajengwa upya juu ya mwamba, kwa mawe ya lava ileile na kwa nyumba za mbao. Waashi na maseremala walihitajika kila mahali, na vijana wengi walijifunza wakiwa kazini.

Utaratibu wa karakana ni wa zamani na hauandikwi. Mzazi humpeleka kijana kwa fundi, wanapatana ada, na pengine kijana huja na vifaa vyake. Mwanzoni hufagia na kutumwa. Kisha hushika randa au msumeno. Akishajua, hubaki miezi kadhaa akizalisha bila mshahara. Miezi hiyo ndiyo faida ya fundi, nayo humfanya asiharakishe kumwachia. Akimwachia, kijana huondoka na ujuzi bila karatasi. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inautambua mkataba wa uanagenzi, lakini ilitungwa kwa ajili ya mwajiri mwenye ofisi.

Kati ya karakana na sheria zilikuja shule na miradi. Wasalesiani wa Don Bosco wanafundisha ufundi Goma, ikiwemo kituo cha Ngangi, na INPP ina tawi lake mjini. Miradi ya misaada ilifuata njia fupi: miezi michache ya mafunzo, kisha cherehani au sanduku la vifaa. Yenye kasoro zaidi ilifunza wote ushonaji bila kuuliza mji unahitaji washonaji wangapi.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya humtoza mwajiri shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kiasi kidogo kinachohesabika kwa urahisi. Tanzania ilianzisha mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, kwa sheria ya 1994, na tozo ya ujuzi imeshushwa kutoka asilimia 6 hadi 3.5, huku sehemu kubwa yake ikiingia hazina ya serikali. Lenye manufaa zaidi kwa Lac Vert ni jambo jingine la VETA: kumpima fundi aliyejifunza karakanani na kumpa cheti, hata kama hakupita shuleni.

Hata mageuzi hayo yangehitaji amani. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani za Lac Vert na Mugunga na kuua raia. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mwezi uliofuata wakimbizi wakatakiwa kuondoka kambini. Benki za mji zilifungwa, na kwa hiyo njia ya kawaida ya kupeleka michango ya waajiri Kinshasa ikakatika. Ada ya mwanagenzi haikuguswa na kufungwa huko, kwani haikuwahi kupitia benki.