Sikukuu ya kitaifa: anayechuma chai kwa kilo anastahili nini?

Nanenane ikifika, wengi wetu Rungwe huelekea viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Wengine hubaki kazini: mashambani wakichuma chai, au kwenye maduka na hoteli za Tukuyu mjini. Wanaobaki wanastahili malipo gani?

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, inasema aliyefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi. Sikukuu hizo ni pamoja na Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Nyerere Dei, Uhuru, Krismasi na Idi. Hata mkulima mdogo aliyeajiri mchumaji mmoja ni mwajiri.

Ukilipwa kwa kilo

Kuna wachumaji wanaoambiwa, "Wewe ni wa kilo, sikukuu haikuhusu." Si kweli. Kwa asiyelipwa kwa muda, sheria inachukua mapato yake ya wiki 13 zilizopita ili kupata mshahara wake wa wiki. Kama hajafikisha wiki 13, huhesabiwa muda aliokwisha kufanya kazi.

Tuchukue mfano. Mama amepata shilingi 585,000 kwa wiki 13. Gawanya kwa 13, unapata 45,000 kwa wiki. Kama anafanya kazi saa 45 kwa wiki, kila saa ni shilingi 1,000. Akichuma saa sita siku ya Nanenane, anastahili shilingi 12,000.

Sikukuu ndani ya likizo

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Sikukuu ikiangukia humo imeshahesabiwa, haiongezi siku.

Usipolipwa

Andika tarehe, saa ulizofanya kazi na kilo ulizopima. Tunza karatasi za mizani. Anza kwa kuzungumza na mwajiri, au kiongozi wa chama cha wafanyakazi kama kipo. Ikishindikana, peleka madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Mbeya, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukichelewa, itabidi kwanza ueleze sababu na kuomba kuruhusiwa. Kwa hiyo usingoje sikukuu nyingine ifike ndipo uanze kudai ya kwanza.