Macbeth: Wachawi au Dhalimu Mwenyewe?

Wanafunzi wengi hudai kwamba wachawi ndio waliomponza Macbeth. Sikubaliani nao: Banquo naye aliusikia utabiri, wala hakumwua mfalme. Jukwaani suala hili limekuwa na majibu tofauti. Mwaka 1611 Simon Forman alitazama mchezo huu katika ukumbi wa Globe, London, akaandika kuwa mzuka wa Banquo uliketi kitini. Mwaka 1794, pale Drury Lane, John Philip Kemble alikiacha kiti kitupu. Hofu ikabaki kichwani mwa muuaji. Orson Welles, huko Harlem mwaka 1936, aliwapa wachawi ngoma na nguvu nyingi. Ilivutia mno, ila dhalimu akapata kisingizio. Anayesoma Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, azingatie: Macbeth alionywa ajihadhari na Macduff tu. Kumwua mkewe na watoto aliamua mwenyewe.