Mwandiko wa Excoffon kwenye kadi zetu za michango

Wadau, leo siasa naiweka kando kidogo. Nataka tuongelee herufi. Sisemi zile a-e-i-o-u za darasa la kwanza, nasema sura ya herufi, kile ambacho tangu kompyuta ziingie tunakiita fonti.

Kuna fonti moja ambayo umeshaisoma mara nyingi hata kama jina lake hulijui. Inaitwa Mistral. Herufi zake ndogo zimeshikana mikono, zinapanda na kushuka, na kingo zake zimechakaa kana kwamba mtu kaandika chapchap kwa brashi inayokaribia kuishiwa wino. Ukiiona unadhani mtu kaandika kwa mkono. Na kweli kuna mtu: Roger Excoffon, Mfaransa aliyezaliwa Marseille mwaka 1910, akasomea sheria halafu akaiacha akakimbilia Paris kwenye mambo ya uchapaji. Mistral ilitoka mwaka 1953, na msingi wake ni mwandiko wake mwenyewe.

Jina alilitoa kwenye upepo. Mistral ni upepo wa baridi unaoteremka bonde la mto Rhône kutoka kaskazini hadi bahari ya Mediterania. Ni kama mtu wa pwani yetu aiite fonti yake Kaskazi.

Hakuwa wa kwanza. Wamarekani walikuwa na Brush Script ya Robert E. Smith tangu 1942, nayo ilitapakaa kwenye matangazo ya biashara baada ya vita. Lakini kwangu mimi Brush Script ni mwandiko wa mtoto mwenye nidhamu: kila herufi imechana nywele. Mistral imeamka sasa hivi.

Wakati huo Excoffon alikuwa akisimamia ubunifu katika Fonderie Olive, kiwanda kidogo cha kusubu herufi huko Marseille, kilichokuwa kikishindana na Deberny & Peignot, vigogo wa Paris. Mdogo akishindana na mkubwa kwa kufanana naye anakufa mapema, hivyo Olive wakaleta vitu ambavyo Paris haikuwa navyo. Banco ilitoka 1951 (ndiyo ile ya jina la jarida la Thrasher, vijana wa skateboard mnaijua), kisha Mistral, kisha Choc mwaka 1955, nene kama imechorwa na mtu mwenye hasira.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Miaka hiyo herufi ilikuwa kitofali cha risasi. Mpiga chapa anapanga vitofali kimoja kimoja, anapaka wino, anakandamiza karatasi. Vitofali havishikani mikono! Ili maandishi yaonekane yameungana, mkia wa kila herufi lazima ufike kwenye ukingo kabisa wa kitofali, tena kwa kimo kilekile ambacho herufi inayofuata inaanzia, iwe ni a, iwe ni z. Ukikosea kidogo tu, neno linakatika katikati. Excoffon alilifanikisha hilo bila maandishi kuonekana kama mnyororo wa kiwandani, kwa kuziacha herufi zipande na kushuka ili jicho lisigundue marudio.

Ila Kiswahili kinamuumbua. Andika "harusi" kwa Mistral, safi kabisa. Andika "polepole". Pole ya kwanza na pole ya pili ni mapacha, hata mchubuko wa brashi uko palepale. Mkono wa binadamu hauwezi hivyo. Lugha yetu yenye mbalimbali, taratibu kwa taratibu, baba na mama, inaifichua siri ambayo Kifaransa kiliisitiri vizuri zaidi.

Kosa jingine ni letu wenyewe: kuiandika kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa za Mistral hazikuundwa kushikana. Ukiandika KARIBUNI WOTE inakuwa umati wa watu wasiojuana.

Risasi ilikufa. Fonderie Olive ilichukuliwa na Haas ya Uswisi mwaka 1978, naye Excoffon akafariki mwaka 1983. Lakini mwandiko wake ulihamia kwenye kompyuta, na baadaye ukasambazwa pamoja na Microsoft Office. Hapo ndipo ulipotufikia, kwenye steshenari zenye kompyuta moja na foleni ya watu watano. Hollywood nayo iliurudisha mwaka 2011, kwa rangi ya waridi, kwenye filamu ya Drive.

Waliolipa gharama, nionavyo mimi, ni mafundi wetu wa mabango, wale wa kopo la rangi na brashi, walioandika majina ya saluni na vinyozi bila rula. Mteja anayetaka maandishi "ya mkono" siku hizi anachaguliwa fonti, bango linachapwa kwenye turubai la plastiki, jioni limeshatundikwa. Kwa bei simlaumu. Lakini fundi wa Manzese alikuwa na mwandiko wake, na fundi wa Temeke wake. Sasa wote wana wa bwana mmoja wa Marseille.

Ukiletewa kadi ya mchango, itazame kabla hujaificha. "Familia ya Bwana na Bibi" fulani iko kwa brashi ya Excoffon, imeinama kwa madaha. Kisha kuna vile vidoti, na juu yake katibu wa kamati kaandika jina lako kwa kalamu ya bluu, kapinda, na herufi moja kaikosea.