Kielelezo cha Mtepe kama Hati ya Historia: Kutoka Burgao hadi Unguja

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Historia ya chombo nayo haiendi ila kwa ushahidi. Kwa kawaida ushahidi huo tunautafuta katika maandishi, masimulizi ya wazee na magofu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uko ushahidi wa nne ambao sisi walimu wa Kiswahili tumeupa kisogo, nao ni kielelezo, yaani chombo kidogo cha mfano kilichoundwa kwa mkono ili kifanane na kile kikubwa cha baharini. Mfano tutakaoutumia ni mtepe wa Wabajuni.

Tuanze na mahali penyewe. Burgao ni hori lililoko pwani ya kusini ya Somalia, kati ya Kismayu na Ras Kamboni. Waingereza walipaita Port Durnford. Kuelekea kaskazini yake kuna visiwa vya Wabajuni, vikiwemo Chovai, Chula na Koyama. Eneo hilo la ng'ambo ya mto Juba lilikuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1925, lilipokabidhiwa Italia. Mwaka 1955 Vinigi Grottanelli alichapisha kwa Kiitaliano kitabu kizima kuhusu wavuvi wa Kibajuni, na mwaka 1969 Neville Chittick alitoa ripoti ya uchunguzi wake wa magofu ya pwani hiyo, Burgao ikiwemo. Baadhi ya wataalamu wamepahusisha mahali hapa na Shungwaya, ambako masimulizi ya Wamijikenda na ya Waswahili wengi yanasema ndiko walikotoka. James de Vere Allen, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliitazama Shungwaya kwa upana zaidi ya mji mmoja. Mjadala huo haujafungwa, nasi hatukusudii kuufunga hapa.

Chombo kilichobeba jina la Wabajuni na la visiwa vya Lamu baharini kilikuwa mtepe. Mtepe haukupigwa misumari. Mbao zake ziliunganishwa kwa vijiti na kushonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa umbo la mraba. Omo yake ilichomoza mbele kama shingo ndefu, na yako masimulizi kwamba ilifananishwa na shingo ya ngamia wa Mtume. Alikuwapo pia nduguye aliyeitwa dau la mtepe, ambaye omo yake ilikuwa imenyooka. Kwa kuwa mishono hulegea kidogo, chombo cha namna hii kiliweza kupwelewa mchangani na kupigwa na mawimbi bila kupasuka upesi. Gharama yake ni kwamba kilivuja, na mabaharia hawakupumzika kukumba maji.

Ufundi huo ni wa kale. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, kinaueleza mji wa Rhapta kuwa ulipata jina lake kutokana na vyombo vya kushonwa. Mwaka 1498, mwandishi wa shajara ya safari ya Vasco da Gama alieleza kwamba vyombo alivyoviona Msumbiji havikuwa na misumari, mbao zake zilifungwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya mikeka. Ufundi ulioishi muda wote huo ulikatika katika kipindi cha maisha ya mtu mmoja. Majahazi ya misumari yalichukua nafasi ya mitepe, na baada ya miaka ya 1930 mitepe haikuonekana tena. Mwaka 1941 James Hornell alipochapisha makala yake juu ya mtepe na dau, tayari alikuwa anaandika habari za kitu kilichopita.

Hakuna mtepe hata mmoja wa zamani uliobaki mzima. Kilichobaki ni picha, maandishi na vielelezo, kama vile vilivyowekwa katika Makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa. Hapa ndipo swali letu linapoanza. Je, kielelezo kinaweza kuaminiwa kwa kiasi gani?

Jibu linategemea vipimo. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaojenga reli ndogo majumbani mwao, pamoja na stesheni, madaraja na milima yake. Kipimo chao kinachopendwa sana ni moja kwa themanini na saba, ambapo mtu wa sentimita 170 huwa na urefu wa sentimita 2 hivi. Wao wanajua vizuri kwamba si kila kitu kinakubali kupunguzwa sawasawa. Ndivyo ilivyo kwa mtepe. Tuseme fundi ameamua kutumia kipimo cha moja kwa ishirini. Chombo cha mita 20 kitakuwa cha mita 1, jambo lisilo na taabu. Lakini kamba ya unene wa milimita 10 itapaswa kuwa uzi wa nusu milimita, na matundu ya mishono yatakuwa madogo kuliko keekee nyingi ziwezavyo kutoboa. Basi fundi atafanya nini? Atatumia uzi mnene zaidi, atapunguza idadi ya mishono, na huenda akachonga ubavu mzima kwa kipande kimoja cha mti kisha akachora mistari ya mbao juu yake.

Kwa hiyo kielelezo husema kweli katika mambo fulani na kubuni katika mengine. Umbo la omo na tezi, mahali pa mlingoti, umbo la tanga na mapambo yake huonyeshwa kwa uaminifu, kwa sababu ndiyo mambo ambayo macho ya fundi huyashika kwanza. Unene wa mbao, idadi ya mishono na vijiti vilivyofichika ndani ndimo mnamopotea ukweli. Aidha, ni lazima tuulize kiliundwa kwa ajili ya nani. Kichezeo cha mtoto ni lazima kielee. Bidhaa ya mtalii ni lazima ipendeze. Kazi iliyoagizwa na makumbusho ni lazima ifanane na asili. Mwanafunzi aliyezoea kuhakiki nakala za utenzi mmoja zinazotofautiana hatashangazwa na maswali haya, maana ni yale yale.

Thamani ya kielelezo ilidhihirika mwaka 2003, mtepe wa ukubwa kamili ulipoundwa Unguja na kuwekwa katika jumba la Beit al-Ajaib. Hapakuwa na mtepe halisi wa kuigwa, na wajenzi walitegemea ushahidi wa aina hii tunayoijadili. Chombo hicho kiliitwa Shungwaya. Kwa namna hiyo jina linalohusishwa na pwani ya Burgao likarudi juu ya ubavu wa chombo. Jumba lenyewe, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Tukio hilo linatukumbusha kwamba hata makumbusho si amana ya milele.

Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapoingia. Kila sehemu ya chombo ina jina lake: mkuku, taruma, foromali, omo, tezi, usukani. Pwani husema kuunda chombo, na kutokana na kitenzi hicho tumepata muundo, neno tunalolitumia kila siku tunapofundisha sentensi. Maneno haya yamo kamusini, lakini mwanafunzi wa bara huyakariri bila kuona yanaloelekeza. Mbele ya kielelezo, taruma huacha kuwa neno la mtihani na kuwa mti uliopinda unaoshika mbao.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Kibajuni. Tangu vita vya mwaka 1991 Wabajuni wengi walivikimbia visiwa vyao, wakaelekea Kenya na kwingineko. Mtu anayekimbia kwa mashua hachukui karakana yake. Huchukua maneno na ujuzi wa mikono, na vyote viwili hufa naye kama hakuna anayeuliza. Orodha ya maswali pekee haitoshi kumkumbusha mzee jina la kamba ambayo hajaishika kwa miaka 30. Kielelezo kikiwekwa mbele yake, ataanza kukikosoa: hapa pamekosewa, hii haikukaa hivi, sisi tuliiita hivi. Kila kosa la kielelezo litakuwa limezaa neno.

Tunapendekeza basi kwamba idara zetu zishirikiane na mafundi wa Lamu na Mombasa, wanafunzi wajifunze kuunda angalau kielelezo kimoja kwa vipimo vinavyojulikana, na kila sehemu iandikwe jina lake kwa Kiswahili sanifu na kwa lahaja. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi; inahitaji tezo, uzi, subira na mzee wa kutukosoa. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yetu nyingine imeshonwa kwa usumba.